Gogo aliyepokea wengi, kisha akabisha hodi shuleni

Ukiingia katika boma lolote la Wanandi, iwe ni viungani mwa jiji la Eldoret au kule mashambani Mosop, hutakosa kusikia mtoto akiita "Gogo!" na bikizee akiitika kutoka jikoni au zizini. Neno hilo maana yake ni nyanya, na kila boma lina wake. Lakini yuko Gogo mmoja aliyeitwa hivyo hata na watu wa mbali, ambao hawajui lolote jingine katika lugha hiyo.

Huyo ni marehemu Priscilla Sitienei wa Ndalat, Kaunti ya Nandi, aliyeaga dunia nyumbani kwake tarehe 16 Novemba 2022 akiwa na umri wa miaka 99. Bila shaka uliwahi kuiona picha yake gazetini au katika runinga: ajuza aliyevaa sare ya shule, ameketi katikati ya watoto wa miaka kumi na kitu, kalamu mkononi, macho kwenye daftari. Wengi walitabasamu, wakasema "Elimu haina mwisho", kisha wakafungua ukurasa wa michezo.

Mimi picha hiyo ilinikalia moyoni, kwani nyanya yangu mzaa mama alikuwa wa rika linalokaribiana na lake, na alikuwa na vidole kama vile vile, vilivyopinda kwa kukama ng'ombe na kushika jembe. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya Gogo wa Ndalat pamoja na Gogo wetu sisi, ambaye hakupigwa picha na mwandishi yeyote wa ng'ambo.

Kabla ya kuwa mwanafunzi, Priscilla Sitienei alikuwa mkunga. Alifanya kazi hiyo kijijini kwao kwa miaka 65. Hebu fikiria, msomaji: miaka 65 ya kugongewa mlango usiku wa manane, mvua ikinyesha kama inyeshavyo Nandi mwezi wa nne na wa tano, na kijana mume amesimama nje na tochi, au kijinga cha moto enzi zile tochi hazijafika, akisema mke wake ameshikwa na uchungu. Mkunga hana "njoo kesho". Anafunga leso kiunoni, anachukua dawa zake za miti shamba, na kufuata taa hiyo hadi anakopelekwa. Wale aliowapokea walikua, wakaoa na kuolewa, naye akawapokea watoto wao na wajukuu wao. Alipofika darasani, baadhi ya watoto alioketi nao dawati moja walikuwa ni wale aliowazalisha kwa mikono yake mwenyewe. Sijui kama kuna mwanafunzi mwingine duniani awezaye kusema hivyo kuhusu wenzake wa darasa.

Nimetumia neno kupokea kwa makusudi. Nionavyo mimi, kazi kubwa ya nyanya wa kizazi hicho ilikuwa ni kupokea. Walipokea watoto, walipokea wageni, walipokea wakwe waliokuja wamenuna, na walipokea wajukuu walioletwa "kwa muda mfupi tu" na wakaishia kukaa miaka kumi. Sisi wa mjini siku hizi mgeni humjua kwa simu: lazima apige kwanza aulize kama tupo. Asipopiga, watoto huchungulia dirishani na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, tufungue?"

Nyumbani kwa nyanya yangu, upande wa Kapseret, mlango ulikuwa ukifungwa usiku tu, na hata usiku huo ulifungwa kwa ajili ya fisi na baridi zaidi kuliko kwa ajili ya watu. Alikuwa na birika kubwa jeusi kwa moshi ambalo halikuwahi kukosa mekoni. Kila alipopika chai alipika ya watu wawili zaidi ya tuliokuwapo. Tukimwuliza ni ya nani, hujibu, "Ya yule aliye njiani." Na kweli, mara nyingi huyo wa njiani alifika: fundi wa baiskeli, mama muuza mboga anayerudi na kikapu kitupu, mhubiri, mtu wa kutafuta ng'ombe aliyepotea. Kulikuwa na mursik pia, iliyohifadhiwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, ile harufu ya moshi ambayo hakuna kiwanda cha maziwa kimewahi kuiweza. Hiyo haikuwa ya kila mtu kila siku. Ilikuwa ya mgeni wa heshima, ya mtoto arudiye kutoka mbali, na, kwa sababu ambazo hakuna aliyezielewa, ya karani mmoja wa posta aliyekuwa akipita kila mwisho wa mwezi.

Alikuwa na kanuni moja ambayo mama yangu ameirithi: mgeni haulizwi ametoka wapi wala anataka nini hadi awe amekunywa. Akishakunywa, atasema mwenyewe. Asiposema, basi alikuwa na kiu tu.

Kuhusu imani yake, sitakudanganya kwamba alikuwa mtu wa maono na miujiza. Alikwenda kanisani kila Jumapili, kwa miguu, akiwa na kitambaa cheupe kichwani na viatu mkononi, na kuvivaa alipokaribia mlango. Hakujua kusoma. Enzi za utoto wake, mtoto wa kike alilelewa kwa ajili ya mifugo, shamba na hatimaye ndoa. Shule ilikuwa habari ya wachache, na wachache hao wengi wao walikuwa wavulana. Kwa hivyo jioni, baada ya chakula, mjukuu mmoja alipewa Biblia ya Kinandi asome karibu na taa ya mafuta, na nyanya akasikiliza akiwa amefumba macho. Usidhani alikuwa amelala! Binamu yangu mmoja aliyependa njia za mkato alizoea kuruka aya, hasa zile zenye majina marefu ya fulani akamzaa fulani. Nyanya hakufumbua macho. Alisema tu, "Umemwacha mtu nyuma. Rudi umchukue." Alikuwa amezishika sura nzima nzima kichwani kwa kusomewa, mwaka baada ya mwaka.

Imani hiyo ilikuja kupimwa mwanzoni mwa mwaka 2008. Wasomaji wa umri wangu, hasa wa hapa Eldoret, hawahitaji kukumbushwa. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kutangazwa, majirani waligeukiana, na nchini kote watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, lisilo mbali na mji wetu, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo kuokoa maisha yao, wengi wao kina mama na watoto. Makumi waliteketea. Moshi ulionekana kila upande, na barabara zilikuwa zimezibwa kwa mawe na magogo.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimefunga shule, niko kwa nyanya. Jioni moja mlango uligongwa. Walikuwa ni jirani wetu, mke wake, na watoto watatu, mmoja wao mchanga mgongoni. Walikuwa wa kabila lililokuwa likisakwa. Nyanya aliwaangalia, akaangalia birika, akasema, "Ingieni, chai ipo." Maneno hayo hayo aliyomwambia fundi wa baiskeli.

Usiku huo vijana walifika langoni, kama kumi hivi, wana mishale na mapanga. Nyanya alitoka peke yake akiwa amejifunga blanketi. Sisi tulikuwa ndani, tumezima taa, mama wa watoto amemziba mchanga mdomo kwa leso. Tulimsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia mahindi: "Nina wageni, na hawajamaliza kula." Kimya kikafuata. Kisha akaanza kuwaamkua vijana hao mmoja mmoja, akitaja jina la kila mmoja na la mama yake. Wengine wao walikuwa wamekunywa maziwa katika nyumba ile tangu wakiwa wadogo. Sijui ni dakika ngapi zilipita. Waliondoka. Hawakuomba radhi wala hawakutisha. Waliondoka tu, na mbwa akawafuata hadi barabarani.

Familia ile ilikaa siku tatu, hadi lori la polisi lilipowapeleka katika kambi ya wakimbizi iliyokuwa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini. Nyanya aliwafungia viazi na kibuyu cha maziwa. Baadaye kuna watu wa kwetu waliokataa kumwamkua kwa miezi kadhaa. Yeye aliendelea kupika chai ya watu wawili zaidi.

Katika kambi ile ile ya uwanja wa maonyesho alikuwamo mzee mwingine ambaye jina lake wengi wenu mnalijua. Kimani Maruge alikuwa amejiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, hapa hapa Eldoret, Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja tu baada ya serikali kufuta karo katika shule za msingi. Alitaka kujisomea Biblia na kujua kuhesabu. Septemba 2005 alikwenda New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Ghasia zilipozuka alipoteza mali yake na makao yake, akaishi hemani, kisha akahamia Nairobi, ambako alifariki tarehe 14 Agosti 2009. Kwa hiyo Gogo wa Ndalat alipokwenda shuleni karibu mwaka 2010, hakuwa mkongwe wa kwanza katika eneo hili letu kuvaa sare. Lakini naona tofauti moja kati yao, nayo ndiyo inayonifanya niandike makala haya.

Inasimuliwa kwamba mambo yalianza na kitukuu wa Gogo aliyepata mimba na kuacha shule. Sheria si iliyomzuia kurudi, maana tangu mwaka 1994 Kenya imekuwa na utaratibu wa kuwarejesha wasichana masomoni baada ya kujifungua. Aibu ndiyo huwazuia wengi. Gogo alimsihi binti huyo arudi, naye akakataa. Ndipo bikizee akauliza, nusu kwa mzaha, kama kuna karo iliyobaki shuleni. Alipoambiwa ipo, akasema basi yeye ataitumia.

Mzaha huo ulimpeleka hadi Leaders Vision Preparatory School, pale pale Ndalat. Walimu hawakumkubali mara moja. Nani angewalaumu? Ungekuwa wewe ni mwalimu mkuu, na mkunga wa kijiji, aliyekaribia miaka 90, amesimama ofisini kwako akitaka kuketi na watoto wajifunzao kuandika, ungefanya nini? Mwishowe waliona hatanii, wakampa nafasi. Vitukuu wake walikuwa wakisoma katika shule hiyo hiyo. Alifanya hesabu, Kiingereza, michezo ya kuigiza, nyimbo na hata mazoezi ya viungo, na akawa kiranja. Watoto nao wakapata mtu wa kuwasimulia hadithi na desturi za kale.

Tafakari jambo hilo kidogo. Mtu aliyekuwa mwenyeji kwa miaka 65, ambaye kila aliyezaliwa kijijini alifikia mikononi mwake, sasa ndiye aliyesimama mlangoni akiomba kuingia. Kumpokea mgeni ni kazi, lakini kuwa mgeni ni kazi ngumu zaidi, hasa uzeeni, hasa mbele ya watoto uliowafunga kitovu. Nyanya zetu wengi hawataki hata kuombwa waketi wakati wengine wanapakua chakula. Gogo alikubali kuketi, akubali kusahihishwa na mwalimu mwenye umri wa wajukuu wake, na kuinua mkono kabla ya kusema.

Alitaka nini? Alieleza mara kadhaa. Kwanza, kujisomea Biblia bila kumsubiri mtu. Pili, kuandika aliyoyajua kuhusu ukunga na dawa za miti shamba, ili yasizikwe pamoja naye. Tatu, kuwaonyesha watoto walioacha shule, hasa wasichana waliozaa wangali wadogo, kwamba dawati halina mwenyewe. Aliwauliza watoto aliowakuta wakizurura mbona hawako darasani. Waliposema wamekuwa wakubwa mno, aliwajibu kwamba yeye yuko darasani. Hebu nawe mjibu huyo!

Nitasema pia kwamba siku hizi si vyema mama ajifungulie kijijini wakati hospitali ipo. Hapa Eldoret tuna hospitali ya rufaa ya Moi na jengo lake la kina mama na watoto la Riley, na Juni 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Hata mkunga hodari hana damu ya kumwongezea mama aliyepoteza nyingi. Lakini kuna mengi ambayo wakunga wale waliyajua: jinsi ya kumtuliza msichana mwoga, jinsi ya kumgusa mama bila kumfedhehesha, lini pa kunyamaza. Muulize mama yeyote aliyewahi kufokewa katika wadi ya uzazi kama mambo hayo ni madogo.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 habari za Gogo wa Ndalat, aliyekuwa darasa la nne wakati huo, zilienea redioni. Nyanya yangu alizisikia akiwa anachambua mboga. Alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwandishi aliyeliuliza: "Na magoti yake je? Madawati ya watoto ni mafupi." Alinyamaza kwa muda. Jioni, baada ya kusomewa sura yake, alimwambia mama yangu, "Nenda dukani ukaninunulie daftari."

Tulidhani naye anataka kwenda shule. La. Alitaka mama aandike. Kwa majuma kadhaa, kila Jumamosi mama alipokuja kumtembelea, bikizee alikaa juani na kutaja, naye mama akaandika. Senetwet iliandikwa ya kwanza: ni tawi lipi la kukata, likaushwe vipi, lichomwe namna gani ili kibuyu kisitoe uchungu. Zikafuata dawa ya tumbo la ndama, mti wa kikohozi, na majani ambayo mwanamke mjamzito hapaswi kuyagusa. Baada ya hapo dawa zikakoma na yakaanza majina. Alitaja watu. Fulani alitupa mahindi mwaka wa njaa. Fulani alimbeba mtoto wangu hospitalini kwa baiskeli. Fulani alinifundisha kuomba. Mama alimwuliza majina hayo ni ya nini, naye akasema, "Wakija na sipo, mjue mnawapa nini." Yale ya jirani zetu wa mwaka 2008 yalikuwamo pia, hata la yule mtoto mchanga.

Nyanya alifariki mwaka 2017, katika usingizi. Jirani wale, ambao hawakurudi kuishi Kapseret, walikuja mazishini kwa matatu kutoka Nakuru. Yule mtoto wa mgongoni alikuwa sasa mvulana mrefu wa miaka kumi, na alipewa mursik kabla hajaulizwa jina lake.

Gogo wa Ndalat aliendelea. Mtengenezaji filamu Mfaransa, Pascal Plisson, alitengeneza filamu kumhusu, na iliitwa kwa jina hilo hilo, Gogo. Ilipotoka mwaka 2021, bikizee alipanda ndege kwenda Ufaransa na akakutana na mke wa rais wa nchi hiyo, Brigitte Macron. Hilo ndilo lililoandikwa sana. Mimi lililonivutia katika filamu hiyo ni bweni. Gogo anasimamia ujenzi wa bweni jipya katika shule yake, ili wasichana watokao mbali wapate pa kulala na wasikatizwe masomo na safari ndefu. Hata akiwa mwanafunzi, hata akiwa yeye mwenyewe ni mgeni katika nyumba ya vijana, bado alikuwa akitandika kitanda cha yule aliye njiani.

Novemba 2022 alikuwa akijiandaa pamoja na wenzake wa miaka 12 kwa mitihani iliyokuwa ianze wiki iliyofuata. Alihudhuria masomo hadi siku tatu kabla ya kifo chake, kifua kilipoanza kumsumbua, akakaa nyumbani.

Daftari la nyanya yangu liko kwa mama, katika kabati la vyombo, chini ya vikombe vya wageni. Kurasa kama ishirini hivi zimejaa mwandiko wa mama, uliolala upande kwa haraka ya kumfuata msemaji. Juzi nilimkuta ameliweka mezani na kalamu pembeni. Alikuwa ameongeza majina mawili, na birika lilikuwa linachemka.